Nani Alipanga Picha? Kamera na Watu wa Miteremko ya Mlima Kenya

Reli ilikuwa imefika Nairobi miezi miwili tu kabla, na mji wenyewe ulikuwa bado mahema na vibanda vya mabati, Halford Mackinder alipoondoka hapo mwishoni mwa Julai 1899 kuelekea Mlima Kenya. Mackinder alifundisha jiografia katika Chuo Kikuu cha Oxford, na nia yake ilikuwa kufika kileleni kabla ya mtu mwingine yeyote kutoka Ulaya. Alifuatana na Wazungu watano na wapagazi zaidi ya 150, Waswahili na Wakikuyu. Miongoni mwa mizigo iliyobebwa kichwani vilikuwemo vyombo vya kupigia picha za rangi, na mwenye kuvishughulikia alikuwa Campbell Hausburg, jamaa wa mke wa Mackinder.

Wengi wetu tukisikia picha za rangi hufikiria albamu za miaka ya 1980. Hausburg alizipiga miaka themanini na zaidi kabla ya hapo, kwa njia iliyobuniwa na Mmarekani Frederic Ives: kitu kilekile hupigwa mara tatu kupitia vioo vya rangi tatu, kisha zile picha tatu huunganishwa na kuonekana kama moja ndani ya kifaa maalumu cha kutazamia. Sharti lake ni utulivu. Mwamba hutulia, barafu hutulia, lakini mpagazi anayetetemeka kwa baridi ya mlimani hatulii. Njia hiyo ilifaa mlima kuliko watu waliobeba sahani zake za vioo. Tarehe 13 Septemba Mackinder, pamoja na wapanda milima César Ollier na Joseph Brocherel, alifika kwenye kilele alichokiita Batian, jina la laiboni, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wamaasai. Katika makaratasi ya safari hiyo wanahistoria walikuja kukuta orodha ya wapagazi wanane ambao kando ya majina yao iliandikwa kwamba walipigwa risasi kwa amri. Mjadala juu ya mkasa huo haujaisha. Kilele kina picha na tarehe; wapagazi wana orodha.

Msafara ule ulipanda kutoka upande wa magharibi, mbali na Meru na Embu, lakini mpangilio wake ndio uliotawala huku kwa nusu karne iliyofuata. Mwenye kamera ndiye aliyeamua nani asimame wapi, ashike nini, na jina la nani liandikwe chini. Ukitaka kujua jinsi watu wa miteremko hii walivyofika mahali pa kuitumia picha kusema mambo yao wenyewe, fuata swali hilo moja: nani alipanga picha?

Utawala wa Kiingereza uliingia Embu mwaka 1906 kwa bunduki, ukapiga kambi Meru mwaka 1908 chini ya E. B. Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi. Wamisheni hawakukawia. Waanglikana wa CMS walikuwa Kigari na Kabare kufikia 1910, Wamethodisti wakakaa Kaaga, Wakatoliki wa shirika la Consolata kutoka Torino wakafika Meru wakitokea Nyeri, na mwaka 1922 Dkt. Clive Irvine wa Kanisa la Scotland akaanza kazi Chogoria. Kati ya hao wote, Wakonsolata ndio walioichukua kamera kuwa chombo cha kazi. Filippo Perlo, padri aliyefika Kenya na kundi la kwanza mwaka 1902 na baadaye akawa askofu, alipiga picha kwa bidii, na nyingi zilichapishwa katika gazeti la shirika huko Italia ili waumini waone sadaka yao ilikokwenda. Picha za wamisheni kokote Afrika zilikuwa na mpango unaojulikana: huyu hapa na ngozi na mapambo yake, yule pale na kanzu nyeupe na kitabu. Ujumbe ulikuwa wa mpigaji, na aliukusudia. Aliyesimama kwenye jua hakuulizwa kama naye ana lake.

Kisha kuna Granville Orde-Browne. Alikuwa msaidizi wa mkuu wa wilaya katika nchi ya Embu na Chuka kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, akajifunza mengi kuhusu Waembu, Wambeere, Wachuka, Wamwimbi na Watharaka, na mwaka 1925 akachapisha London kitabu chenye picha, kilichotangaza tangu jaladani kwamba makabila haya ya miteremko ya kusini ya Mlima Kenya yanatoweka. Hatukutoweka. Kahawa ya Runyenjes, muguka wa Mbeere, ng'ombe wa maziwa wa Chogoria na masoko ya Chuka vinashuhudia. Ila lile wazo la kumpiga mtu picha kama anayeagwa lilishika mizizi. Mwaka 1971, Kenya ikiwa na bendera yake kwa miaka minane, Mirella Ricciardi alitoa kitabu maarufu cha picha za watu wa nchi hii, nacho pia kiliitangaza Afrika kuwa inatoweka. Ni picha nzuri. Sitawanyima haki yao wanaozipenda. Lakini mtu anayepigwa picha kwa sababu anatoweka hana haja ya kuulizwa anafikiri nini, na hata jina lake si la lazima. Chini ya picha za vitabu vya namna hiyo utakuta kabila, pengine rika au kazi. Jina ni nadra.

Mmoja wa watu wa kwanza wa nchi za mlima huu waliojipanga wenyewe mbele ya kamera, wakijua picha zao zitasomwa na wageni, alitoka upande wa Wakikuyu. Jomo Kenyatta alikuwa mwanafunzi wa mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski huko London alipoandika kitabu chake cha mwaka 1938 juu ya Wakikuyu. Akapigwa picha akiwa na ndevu, joho la ngozi begani, akiijaribu ncha ya mkuki kwa kidole. Walioandika maisha yake wanasimulia kwamba joho lilikuwa la kuazima na mkuki ulichongwa kutokana na ubao kwa ajili ya shughuli hiyo. Wako wanaoisimulia habari hiyo kana kwamba wamemfumania. Mimi naiona kazi ya mtu aliyeelewa vizuri kamera imefanya nini kwa watu wake kwa miaka arobaini, akaamua kuyachukua mavazi yaleyale yaliyotumiwa kuwaonyesha kama mabaki na kuyavaa kama hoja. Joho liliazimwa, ila neno lililosemwa kwalo lilikuwa lake.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kukabili uasi wa Mau Mau, picha ikawa suala la uhai. Mapema mwaka 1953 Wakikuyu waliofanya kazi kwenye mashamba ya walowezi Bonde la Ufa walitakiwa wapigwe picha kwa ajili ya kadi mpya za utambulisho. Maelfu walikataa. Waliacha kazi, mifugo na mimea shambani, wakarudi kwao milimani, kuliko kuuacha uso wao mikononi mwa bwana shamba na polisi. Katika historia nzima ya picha Kenya sijui kauli iliyo wazi kuliko huko kukataa. Baadaye serikali iliyafungia makabila matatu pamoja, Wakikuyu, Waembu na Wameru, katika mfumo mmoja wa pasi, ikawa mtu wa Meru hawezi kwenda Nairobi kutafuta kazi bila karatasi ya kuthibitisha yeye ni nani na anatoka wapi.

Tarehe 24 Aprili 1954 wanajeshi waliuzingira mji wa Nairobi katika Operesheni Anvil, na wanaume wa makabila hayo matatu wakapangwa foleni kuchujwa. Mbele yao walikaa watoa habari waliovikwa magunia yenye matundu ya macho, waliojulikana kama gakunia. Gunia moja likitikisa kichwa, mtu anakwenda kizuizini. Huyo aliyeitikisa hatima ya mwenzake hakuwa na uso, na wote waliopita mbele yake waliandikishwa kwa majina na sura. Kuanzia Juni mwaka huo wananchi wa vijijini nao wakahamishwa kwa nguvu: zaidi ya watu milioni moja katika nchi za Wakikuyu, Waembu na Wameru walirundikwa katika vijiji 804 vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa ncha. Kwenye tambarare za Mwea, ambazo siku hizo zilikuwa ndani ya wilaya ya Embu, wafungwa walichimba mifereji ya mashamba ya mpunga ambao mpaka leo tunaula kama pishori. Mwaka 1957, katika kambi hizohizo za Mwea, ndiko serikali ilikoanzisha mpango wa kuwavunja kwa kipigo waliokataa kukiri kiapo cha Mau Mau.

Idara ya habari ya serikali haikukosa wapiga picha wakati huo. Ziko picha za wafungwa wakijifunza useremala, za wanawake wakipewa maziwa ya unga, za wazee wakiapa kuacha uasi. Ziko pia picha za kutisha za waliouawa na Mau Mau, zilizosambazwa ili dunia ione upande mmoja. Za kilichotendeka ndani ya vyumba vya kuchujia watu hazikutolewa. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana wa miaka kama kumi na mitano alipoteswa kambini Gatithi, katika Embu ya wakati huo. Dunia ilikuja kuyasikia hayo kwa maneno yake mwenyewe, miaka zaidi ya hamsini baadaye, yeye na wenzake walipoishtaki serikali ya Uingereza mjini London.

Desemba 1963 watu wa Meru walimwona Musa Mwariama akitoka msituni. Alikuwa mzaliwa wa upande wa Tigania, jemadari mkuu wa Mau Mau katika Meru, mmoja wa makamanda wachache wa ngazi ya juu waliofika siku ya Uhuru bila kuuawa wala kukamatwa. Picha aliyopigwa akiwa na Kenyatta katika siku hizo ni miongoni mwa zinazojulikana sana katika historia ya nchi. Nywele zake zimesokotana na kushuka kwa wingi; ni miaka ya msituni iliyohesabiwa kichwani. Kabla ya hapo, umma ulikuwa umeonyeshwa mpiganaji wa msituni akiwa amelala chini, au amefungwa pingu kama Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alivyopigwa picha kwenye machela Oktoba 1956. Mwariama amesimama wima. Hakunyolewa kwanza, hakuvishwa kwanza. Alikuja jinsi alivyotaka kuonekana. Na pembeni yake yuko yule yule aliyejivika ngozi ya kuazima London miaka ishirini na mitano nyuma.

Serikali mpya haikuipenda sana maana ya picha hiyo. Mwenzake Mwariama, Jenerali Baimungi, alirudi msituni baada ya ahadi za ardhi kutotimia, akauawa mwaka 1965. Mwariama aliishi hadi 1989. Marufuku ya wakoloni dhidi ya Mau Mau ilidumu vitabuni hadi mwaka 2003, kwa hiyo kwa miaka arobaini ya Uhuru familia nyingi zilikuwa na sababu ya kuziacha picha na habari za msituni ndani ya sanduku.

Sebuleni zilitundikwa picha za aina nyingine, na hapa ndipo historia yetu inaponona.

Kahawa ndiyo iliyozilipia nyingi. Meru na Embu zilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Mwafrika aliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930, tena kwa masharti makali. Baada ya Uhuru vyama vya ushirika vilienea, na baridi kali iliyoiharibu mibuni ya Brazil Julai 1975 ikapandisha bei ya dunia hivi kwamba malipo ya 1976 na 1977 yanazungumziwa na wazee mpaka leo. Nyumba za mabati zilijengwa, watoto wakapelekwa shule za bweni, na siku ya malipo mke na mume walishuka mjini wamevaa vizuri. Kando ya duka la vitambaa na duka la redio palikuwa na studio.

Studio ya mji mdogo wa Kenya ilikuwa chumba kimoja chenye pazia mlangoni. Ukutani nyuma palichorwa au kutundikwa mandhari: ziwa lenye mashua, ndege inayopaa, nyumba ya ghorofa, barabara ya lami inayopotea kwenye milima ambayo si ya hapa. Kulikuwa na kiti kimoja cha heshima, meza ya miguu myembamba, maua ya plastiki, pengine simu isiyo na waya wa kwenda popote na redio isiyo na betri. Kwenye msumari kilining'inia kioo na kitana cha wote, na karibu yake koti na tai za kuazima kwa asiye nazo. Mwenye studio alikuwa na taa mbili za moto mkali. Alikuinua kidevu kwa ncha ya kidole, akakusogeza bega, akakwambia usipepese macho. Kisha ulilipa kianzio, ukapewa kijikaratasi, ukarudi baada ya wiki kadhaa, maana rili haikuoshwa mpaka imalizike na nyingine zilipelekwa mbali kuoshwa.

Sasa tazama zilizotoka humo. Kijana wa kazi ya mkono ameshika kalamu na miwani ya jua. Marafiki wawili wa kike wamevaa gauni la kitambaa kimoja, mmoja ameketi, mwingine ameweka mkono begani pa mwenzake, wote wameelekeza uso upande uleule. Mama ameshika mkoba mbele ya tumbo kwa mikono yote miwili, na saa imevutwa juu kidogo ya kifundo cha mkono ili ionekane. Mwalimu amekaa na gazeti lililofunguka. Nyuma ya picha imeandikwa kwa wino: ukumbusho wangu kwa fulani, na tarehe. Ukimwambia mwenye picha kwamba simu ile haikuwa inafanya kazi, utakuwa umeikosa maana. Yeye anajua. Alikuwa anasema anachokusudia kuwa, na alichagua vifaa vya kukisemea, kama mshairi anavyochagua vina. Kwa karibu miaka sabini picha za watu huku zilieleza walichokuwa. Ndani ya chumba kile chenye ziwa la rangi ya mafuta zilianza kueleza walichotaka.

Sanaa hiyo haikuzaliwa milimani. Mombasa, N. V. Parekh alikuwa na studio tangu miaka ya 1940, na wateja wake, Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara, walikuja na mapozi waliyoyaona sinema wakayafanya yao. Lamu, Omar Said Bakor, aliyezaliwa 1932 na kufariki 1993, alikata na kubandika picha na kuunganisha negativu mpaka mtu akatokea mahali ambapo jicho haliwezi kumkuta. Bamako, nchini Mali, Seydou Keïta aliwasimamisha watu mbele ya vitambaa vya maua hata gauni na ukuta vikakaribia kuwa kitu kimoja. Hao wameandikiwa vitabu na kazi zao ziko kwenye makumbusho. Wenzao wa Meru, Chuka, Embu na Runyenjes walifanya kazi ileile kwa watu walewale wa kawaida, nazo negativu zao nyingi zimeishia jalalani duka lilipobadili mmiliki. Hili linaniuma kweli. Picha za mkoloni zimetunzwa kwenye masanduku yasiyoingia unyevu huko Ulaya, na tumeziacha picha tulizojipiga wenyewe ziliwe na mchwa.

Mahali ambapo ufundi huu wa kujipanga haujapungua nguvu ni msibani. Yeyote aliyezika mtu Imenti au Embu anaufahamu utaratibu. Baada ya ibada na kabla ya kuteremsha jeneza, mshereheshaji hushika kipaza sauti na kuita makundi kwa zamu: mjane na watoto, wajukuu, ndugu wa marehemu, ukoo wa mama, wanachama wa chama cha akina mama, walimu wenzake, wazee wa kanisa, majirani wa kijiji. Kila kundi husogea nyuma ya jeneza, watoto wadogo mbele, na juu ya jeneza husimamishwa picha ya marehemu katika fremu, aghalabu ile iliyokatwa kutoka picha ya harusi au ya studio. Mpiga picha ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kuwaambia waombolezaji wasogee karibu. Wakwe waliosusiana miaka wanajikuta bega kwa bega. Mtoto wa nje ya ndoa akiitwa katika kundi la watoto, kijiji kizima kimesikia. Asipoitwa, pia kimesikia. Hakuna hati ya ukoo inayosomwa kwa makini kuliko zile picha, na hupangwa mbele ya macho ya watu wote.

Wasanii wa kizazi cha sasa wameyachukua haya na kwenda nayo mbali. Osborne Macharia, aliyesomea usanifu majengo na kujifundisha kamera mwenyewe, alitengeneza mfululizo wa picha alioupa jina la Kikuyu la miwani, Macicio, akibuni kikosi cha mafundi wa miwani ndani ya jeshi la Mau Mau. Kikosi hicho hakikuwepo, naye hafichi kwamba amekibuni. Lakini ukiwatazama wazee wale na miwani yao ya vyuma na magurudumu, unafikiria msituni kulikuwa na akili na ufundi, jambo ambalo picha za serikali za Hali ya Hatari hazikukuruhusu kulifikiria. Thandiwe Muriu, katika Camo, huwavika wanawake kitenge kinacholingana na kitenge cha nyuma yao, na miwani yao huundwa kwa vitu vya nyumbani. Ni lile pazia la studio likiuliza sasa mwanamke anaonekana lini na anafichwa na nini. Sarah Waiswa, mzaliwa wa Uganda anayefanya kazi Kenya, alizichukua picha za enzi ya ukoloni zilizohifadhiwa Bristol, Uingereza, akapiga za kwake kuzijibu. Aliowapiga picha yeye hawatolewi kama mifano ya makabila.

Mradi unaonigusa kuliko yote ulianza 2014. Mpiga picha Mbelgiji Max Pinckers alikuwa akizitazama picha za propaganda za Hali ya Hatari kwenye hifadhi moja mjini London, akaamua kuwatafuta waliopigana. Kwa miaka kumi alifanya kazi na vyama vya wapiganaji wa zamani, wengi wao wa Murang'a na Nyeri, ng'ambo ya pili ya mlima. Hakuwapiga picha wakiwa wamekaa kama wazee wa kusikitikiwa. Wao wenyewe waliamua ni tukio gani la kuonyesha, wakalionyesha kwa miili yao: jinsi walivyotambaa, jinsi walivyofungwa, jinsi walivyopigwa, wakielekezana nani akae wapi. Kitabu kilitoka mwaka 2024 kwa jina lenye maneno ya Kiswahili, Harakati za MauMau kwa Haki, Usawa na Ardhi Yetu, na wapiganaji wakatajwa kama waandishi wenza.

Kuna watakaosema huo ni mchezo wa kuigiza, si historia. Wazee wale walikuwa na sababu nzito. Wakoloni walipoondoka waliteketeza mafaili mengi na mengine wakayasafirisha. Mwaka 2011 ndipo Uingereza ilipokiri, kwa shinikizo la kesi ile ya kina Jane Muthoni Mara, kwamba masanduku 300 hivi ya makaratasi ya Kenya yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, jengo la serikali hiyo huko Uingereza. Juni 2013 serikali hiyo ikaeleza majuto yake bungeni na kukubali kuwalipa watu 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Malipo yalifuata hati na ushahidi wa daktari. Aliyepigwa akapona kovu, aliyeficha habari zake kwa sababu chama chake kilikuwa haramu hadi 2003, hakuwa na cha kuonyesha ila mwili wake na kumbukumbu zake. Mbele ya kamera alivitumia vyote viwili. Mzee wa miaka tisini anayepiga magoti tena pale alipolazimishwa kupiga magoti akiwa kijana, safari hii kwa kutaka kwake na mbele ya mpiga picha anayemsikiliza, ametoa ushahidi ambao hakuna idara ya habari ingeupanga.

Wazee wa Meru na Embu waliobaki wa rika hilo ni wachache, na kazi kama hiyo ingefanywa upande huu kabla hawajaondoka ingekuwa na maana kubwa. Vifaa havikosekani. Chuo Kikuu cha Chuka, Chuo Kikuu cha Meru huko Nchiru na Chuo Kikuu cha Embu vina maelfu ya vijana wenye kamera mfukoni. Siku ya mahafali utawaona wakimtoa nyanya kwenye matatu aliyopanda alfajiri, wakimvika joho na kofia ya mhitimu, wakimsimamisha katikati ya picha. Wanajua kupanga. Na Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo lililokuwa ofisi ya mkuu wa wilaya tangu enzi ya wakoloni, yana kuta. Zitundikwe humo picha za studio na za msibani, kwa idhini ya familia, na chini ya kila moja yaandikwe majina kamili ya waliopigwa, rika lao na kijiji chao, na jina la aliyekuwa nyuma ya kamera.